Koromeo la Tereza

Koromeo lilikohoa saa nne kasorobo asubuhi, na Somoe Nantembo akaangusha bisibisi.

Hakutarajia likohoe. Alikuwa hajaliwekea hata neno moja. Alikuwa anapima upepo tu, kuona kama mapafu ya mpira yanavuta na kusukuma sawasawa. Lakini ule utando mwembamba aliouotesha kwa siku kumi na tisa ndani ya bakuli la maji ya chumvi ulikuwa umeshika vumbi la mbao, na koo likafanya kile ambacho koo lolote hufanya likiingiwa na vumbi. Lilikohoa mara mbili, kikohozi cha mwanamke mtu mzima, kisha likatulia.

Upande wa pili wa ukumbi wa shule, Fundi Ntauka aliyekuwa akipiga randa mbao za jeneza aliinua kichwa.

"Ni wewe huyo, mama?"

"Si mimi, fundi."

Ntauka aliitazama meza ya Somoe, akaitazama randa yake, kisha akaanza kuzisogeza mbao zake moja moja hadi karibu na mlango. "Basi niombee radhi kwake," alisema. "Sikujua kama ameshafika."

Somoe alicheka, lakini aliiokota bisibisi yake taratibu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na miwili hakuwa na kazi nyingine ila hiyo ya kuwarudishia watu koo. Unapewa fuvu, taya, na ule mfupa mdogo wa chini ya ulimi ambao wengi hawajui kama wanao. Kutoka kwenye unga wa mfupa unasoma jinsi mwili ulivyopangiwa kuumbika: upana wa koo, unene wa nyuzi za sauti, kina cha kifua. Kisha unaotesha nyama ile ile, unaikaza kwenye fremu, unaipulizia hewa. Wizara iliiita zana hiyo Kifaa cha Urejeshaji Sauti. Mafundi waliiita Koromeo, na ndilo jina lililobaki.

Alikuwa ametengeneza makoromeo kumi na moja. La kwanza lilikuwa la mwimbaji wa taarabu, na la mwisho la mchungaji ambaye wajukuu zake walitaka awasomee somo la harusi. Watu hao wote walikuwa wameacha kanda na video, ukikosea unasahihisha. Huyu wa kumi na mbili hakuacha hata herufi. Mifupa yake ilifukuliwa na wajenzi wa barabara kwenye kilima kimoja huko Minas, Brazili, na meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa kama walivyochonga Wamakua wa zamani. Jino huumbwa utotoni na halibadiliki tena. Maji uliyokunywa kabla ya kufika miaka saba hubaki ndani yake kama muhuri. Maabara waliusoma muhuri huo wakasema: bonde la Ruvuma. Upande upi wa mto, hawakuweza kusema, na kwa kweli enzi hizo mto haukuwa mpaka wa mtu yeyote.

Hivyo, mwaka huo wa 2091, kijiji cha Namikwea, mwendo wa saa moja kutoka Masasi, kilipewa heshima ya kumpokea. Kila mwaka siku ya kuwakumbuka waliovushwa Atlantiki wakiwa watumwa, Wananamikwea walimwaga unga wa mtama chini, konzi moja kwa kila nyumba, kwa ajili ya wale ambao hawakurudi. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mmoja alikuwa anarudi. Na kamati iliamua kwamba akirudi, aseme.

Mwenyekiti wa kamati aliingia kabla Somoe hajamaliza kufuta vumbi. Bi Lukia Mkuwele alikuwa na miaka themanini na moja, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ile ile, na bado alitembea ukumbini kama mtu anayekagua kucha za wanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuletea hotuba." Aliweka mezani kurasa sita zilizoandikwa kwa wino, mistari imenyooka kama ya ubaoni. "Nimeiandika mwenyewe. Kimakua kimepitiwa na watu watatu. Hebu tumsikie."

Somoe alizipitisha kurasa mbele ya jicho la kifaa, akafungua hewa. Koromeo lilijaa, likashusha pumzi, likaanza. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo kwa chini, kama ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba.

"Mimi ni mwana wenu," ilisema. "Nilipelekwa mbali, nimerudi. Sikuja na kinyongo. Walionikamata nimewasamehe. Walioniuza nimewasamehe."

Bi Lukia alifumba macho. Somoe akageuka kutazama mlangoni, maana randa ilikuwa imenyamaza. Fundi Ntauka alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu.

"Kumbe ametusamehe," alisema. "Mababu zangu walibebea misafara ile ya watumwa chakula. Marehemu mama alikuwa hapendi habari hiyo itajwe nyumbani. Nitampigia dada yangu leo hii, nimwambie ametusamehe."

"Fundi," Somoe alianza, "hiyo ni hotuba tu. Imeandikwa."

"Nimemsikia mwenyewe," Ntauka alisema, na akaenda nje kupiga simu.

*

Wageni kutoka Brazili walishuka Masasi kwa treni ya saa saba mchana, watu ishirini na wanane waliovaa meupe, na vifundoni wamefunga vikopo vya bati vyenye kokoto ndani. Kila walipopiga hatua, stesheni nzima ilisikia. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza korosho kwenye jukwaa la abiria alisimama akawatazama miguu.

"Hizo si njuga hizo?" aliuliza.

Kiongozi wao alimfuata moja kwa moja. Alikuwa mwanamke mpana wa miaka kama sitini, Zulmira jina lake. Wenzake wote walikuwa na vipuli vya tafsiri masikioni, lakini yeye alikuwa amekivua chake na kukitia mfukoni, kwa sababu alikuwa amejifunza Kiswahili kwa miaka mitatu na hakuja kukificha.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo wote," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa stesheni. "Tumesafiri siku tatu. Nimefurahi sana kuwaonja."

Muuza korosho alishika kiuno. "Utuonje tu, mwanangu," alisema, "lakini wengine humu tumeshakuwa wagumu."

Kicheko kilichozuka kiliwafanya hata polisi wa reli wasogee kuona kuna nini. Zulmira alipoelezwa kosa lake alijipiga paji la uso, akacheka kuliko wote, na kuanzia dakika ile hakukuwa tena na mgeni na mwenyeji. Sanduku la mifupa liliteremshwa na watu sita, watatu wa kwao na watatu wa Namikwea. Vikopo vya vifundoni vikaanza kupiga mwendo wa taratibu, na wanawake wa Masasi, ambao hakuna aliyewafundisha mwendo ule, wakauingia kama waliouacha jana.

Somoe alitembea nyuma ya sanduku. Alikuwa na furaha kama wengine, lakini kila alipomwona Ntauka pembeni akiwaelezea watu jambo kwa mikono miwili, alijua jambo hilo ni lipi. Na kila aliyeelezwa alitikisa kichwa kwa faraja na kwenda kumweleza mwingine.

*

Mchana uliofuata Somoe alimkuta Zulmira nyuma ya jiko la shule, amekaa kwenye kigoda pamoja na wapishi, anafundishwa kumenya ming'oko. Mizizi ile ilikuwa imetoka tu kwenye sufuria, na Zulmira alikuwa anakula mmoja kwa kila mitatu anayomenya.

"Dada Somoe," alisema, "kaa. Hii inafanana na kitu cha kwetu, lakini cha kwetu hakina ladha ya kuchimbwa na mtu mwenye hasira."

"Aliyechimba ni mimi," alisema mpishi mmoja, "na hasira nilikuwa nazo."

Somoe alikaa. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianzia mwisho. Alimweleza habari za hotuba, za neno "nimesamehe," za Ntauka na simu yake. Zulmira aliacha kutafuna. Alitoa kipuli mfukoni akakivaa, ishara kwamba sasa hataki kukosea neno.

"Sisi tulitaka kitu kimoja," alisema. "Tulitaka Koromeo litamke jina lake la kwanza. Tereza ni jina alilobatizwa na waliomnunua. Tulidhani koo linakumbuka."

"Koo halikumbuki, dada. Ningekuwa na uwezo huo ningeanza nalo. Koo ni kama ngoma. Inatoa mlio wake, lakini anayeipiga ni mwingine. Jina lolote nitakaloliweka, litakuwa nimelitunga mimi."

"Na msamaha je?"

"Nao umetungwa. Tofauti ni kwamba ukitoka kwenye koo lake, hakuna atakayekumbuka kwamba umetungwa. Jana nimeona. Mtu mwenye akili zake timamu alisimama pale na kofia mkononi."

Zulmira aliweka kando mng'oko aliokuwa nao mkononi. Kisha akafungua mkoba na kutoa karatasi iliyofunikwa kwa plastiki.

"Kuna kitu kimoja tu duniani kilichoandikwa juu yake alipokuwa hai," alisema. "Ni tangazo la gazeti, mwaka 1828. Nisome?"

Wapishi wote waliacha visu.

"'Ametoroka mtumwa aitwaye Tereza, wa taifa la Msumbiji, mwenye alama za kuchanjwa mashavuni, meno ya mbele yamechongwa. Ni mrefu. Hucheka sana, kicheko kirefu cha kusikika mbali. Atakayemrudisha kwa bwana wake atapewa zawadi.'" Zulmira aliikunja karatasi. "Hicho kilima alichofukuliwa ni cha watu waliotoroka. Walijenga kijiji chao juu, wakalima, wakazaa, wakazikana huko. Hakuwahi kurudishwa. Watoto wa kilimani walimwita Bibi Tereza, wakalitunza kaburi lake, nasi wajukuu wao tumeendelea. Jina walilompa kwa kumnunua, watoto wale walilisafisha."

"Soma tena pale pa kicheko," Somoe alisema.

Zulmira alisoma tena. Mmoja wa wapishi, mama mnene aliyekuwa akikuna nazi, alitikisa kichwa polepole.

"Adui yake mwenyewe," alisema, "ndiye shahidi kwamba alikuwa anacheka."

*

Bi Lukia alikuwa akimwagilia mchicha Somoe alipobisha hodi asubuhi ya siku ya sherehe.

"Karibu. Usikanyage tuta. Umekuja kuniambia mashine imeharibika."

"Shikamoo, Mwalimu. Mashine ni nzima. Nimekataa mimi."

Bi Lukia hakugeuka. Aliendelea kumwaga maji mpaka kopo likaisha. "Umekataa nini?"

"Kumsemesha kitu ambacho hatujui kama alikisema. Mwalimu, maisha yake yote watu walimsemea. Walimwambia jina lako hili, taifa lako hili, thamani yako hii. Sasa amerudi kwao, na sisi nasi tumsemee? Tena jambo zito kuliko yote hayo?"

"Jambo zuri."

"Zuri kwetu."

"Wizara inaweza kuniletea fundi mwingine."

"Inaweza. Leo hii, kwa simu moja. Nimekuja ili ulijue hilo nikiwa mbele yako, nisije nikaonekana nimekukimbia."

Mama yule aliweka kopo chini na kukaa kwenye ukingo wa kisima. Alipoongea tena, sauti ya ukaguzi ilikuwa imemtoka.

"Nimefundisha historia miaka thelathini na minne. Kila mwaka nikifika kwenye misafara nasema, 'wafanyabiashara wa pwani walinunua watu bara.' Walinunua kwa nani? Watoto hawajawahi kuniuliza, nami sijawahi kusema. Waliouza walikuwa wengi, lakini mmoja wao alikuwa na jina ambalo nililiandika kila asubuhi juu ya daftari la mahudhurio. Mkuwele. Nina miaka themanini na moja, Somoe. Nilitaka kulisikia neno lile kabla sijafa."

"Ulilisikia juzi, Mwalimu. Ulilala vizuri?"

Bi Lukia aliangalia mchicha wake. Jogoo wa jirani akawika, akarudia, akachoka.

"Sikulala," alisema. "Niliutambua mwandiko wangu."

Somoe alikaa karibu naye. Alisema hajui nani mwenye haki ya kusamehe kwa niaba ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na alihofu kwamba huenda hayupo. Lakini kulikuwa na upande mwingine wa neno hilo, alisema, ambao haukuhitaji Koromeo wala Wizara. Wa kuomba. Huo ulihitaji koo la mtu aliye hai.

"Mbele ya watu wote wale?" Bi Lukia aliuliza.

"Ulishawahi kusimama mbele ya watu wote wale. Nusu yao umewachapa."

Bi Lukia alijaribu kukunja uso, akashindwa. "Zaidi ya nusu," alisema.

*

Ratiba ya sherehe iliyobandikwa mlangoni ilisema, kipengele cha tano: Hotuba ya Marehemu, dakika kumi na mbili. Afisa utamaduni wa wilaya, bwana mmoja nadhifu aitwaye Chitanda, aliipitia na kalamu yake mara tatu akihakikisha kila kitu kinakwenda kwa saa. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa mpaka kwenye magoli. Unga wa mtama ulikuwa umeshamwagwa, konzi kwa konzi, mstari mweupe kuanzia barabarani hadi kwenye jeneza la mninga la Fundi Ntauka.

Kipengele cha tano kilipofika, aliyesimama alikuwa Bi Lukia, bila karatasi.

"Mnanijua," alisema. "Kwa hiyo sitajitambulisha kama mwalimu. Nitajitambulisha kama Mkuwele. Ukoo wangu ulikuwa na msafara. Ulichukua watu wa bonde hili ukawapeleka pwani na kuwauza, na baadhi yao wakapakiwa melini wakazunguka Rasi ya kusini mwa Afrika hadi Brazili. Huenda huyu aliyelala hapa ni mmoja wao, huenda si mmoja wao, sitajua. Juzi nilimwandikia maneno ya kutusamehe. Baadhi yenu mmeambiwa ameyasema. Hakuyasema yeye. Niliyasema mimi na kuyapitishia kooni mwake. Naomba radhi kwa hilo, na naomba radhi kwa lile kubwa."

Fundi Ntauka alikuwa ameinamisha kichwa. Zulmira aliinuka, vikopo vyake vikilia kwa kila hatua, akaenda akasimama mbele ya yule mama. Alikuwa amekivua kipuli.

"Sina ruhusa ya kusamehe kwa ajili yake," alisema. "Hakunituma. Lakini mimi nimekuja kwa miguu yangu, na miguu yangu inataka kukaa karibu na wewe. Utaniruhusu?"

Bi Lukia alisogea kwenye benchi. Zulmira akakaa, na benchi likalalamika.

Ndipo Somoe akaliinua Koromeo juu ya meza, kipande cha nyama chenye ukubwa wa ngumi ndani ya fremu ya kioo, ili kila mtu alione.

"Hili ni koo," alisema. "Si yeye. Halijui jina lake wala halijui habari zetu. Kuna jambo moja tu ambalo mtu aliyemwona kwa macho aliandika kwamba koo hili lilikuwa linafanya." Akasoma lile tangazo lote, polepole. "Sitaliwekea neno lolote. Nitafungua hewa kwa namna koo linavyotaka likicheka, na mengine litaamua lenyewe. Sisemi kilikuwa hivi hasa. Mkisema nisifungue, sifungui."

Watu walitazamana. Muuza korosho wa stesheni, aliyekuwa amefunga biashara siku nzima ili aje, ndiye aliyejibu.

"Fungua, mwanangu. Tumemsubiri sana."

Somoe aliweka mguu kwenye kanyagio la mapafu. Pumzi ya kwanza ilitoka kavu, kama mtu anayejizuia. Ya pili ilishika chini, pale penye mkwaruzo, ikatetemeka. Halafu koo likafunguka lote, na kicheko kikatoka kirefu, kikipanda, kikakatika kama anayetafuta hewa, kikaanza tena chini na kupanda upya. Hakikuwa cha adabu. Kilikuwa kicheko cha mtu anayejipiga paja na kumwegemea mwenzake. Kilivuka uwanja, kikavuka magoli na mikorosho yenye maua, na mbwa kule barabarani wakabweka.

Wa kwanza kushindwa kujizuia alikuwa Ntauka. Alianza kwa mabega, kisha akakaa chini kabisa. Wapishi wakafuata, halafu wageni, halafu uwanja mzima, watu wakicheka na kufuta machozi bila kujua yapi ni ya nini. Bi Lukia alikuwa ameshika mkono wa Zulmira na mdomo wake u wazi, na waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba katika miaka yote ile hawakuwahi kujua kwamba Mwalimu ana pengo.

Somoe aliondoa mguu. Alisubiri utulivu urudi, kisha akafungua fremu ya kioo, akalitoa koo kwa mikono miwili, akalifunga kwenye kipande cha kitambaa cheupe, na akaliweka ndani ya jeneza, chini ya taya, mahali pake.

Bwana Chitanda alifika mbio. "Mama Nantembo, samahani. Koromeo ni mali ya Wizara. Linatunzwa miaka saba. Wanaotengeneza filamu wameshaomba, na shule mbili."

"Mapafu ya mpira ni mali ya Wizara, na yale pale. Fremu ni ya Wizara, nimeipangusa. Koo ni lake," Somoe alisema. "Nikiliacha kabatini, kesho mtu ataandika kurasa sita nyingine, labda mbaya kuliko zile."

Chitanda alitazama jeneza. Alitazama watu elfu mbili waliokuwa wakimtazama yeye. Alifikicha kalamu yake, akafungua nakala yake ya ratiba, na kwenye nafasi ya maoni akaandika, huku akijisomea kwa sauti ya chini: "Kifaa... kimerudishwa... kwa mwenyewe." Akaikunja. "Nadhani sahihi hapa ni yako," alisema, "na ya kwangu iwe chini yake." Wakatia sahihi mgongoni mwa Fundi Ntauka, aliyejitolea kuinama.

*

Baada ya kuzika, walikula. Mikeka ilitandikwa kuanzia jikoni hadi darasa la tatu, na kila mkeka ulikuwa na Mbrazili au wawili, na sinia la wali, na mbaazi za nazi, na kisamvu. Ntauka, mdomo umejaa, ndiye aliyeuliza swali ambalo Namikwea wanalibishania hadi leo.

"Hivi alikuwa anacheka nini?"

Mpishi wa nazi alisema lazima yule bwana wake alianguka kutoka juu ya nyumbu, kwenye matope, mbele ya wageni. Kijana mmoja wa Kibrazili, kupitia kipuli, alisema hapana, alicheka kwa sababu walimlazimisha kusali kwa lugha asiyoijua na yeye akawa anatia matusi ya Kimakua katikati. Hoja hiyo ilipata wafuasi wengi. Muuza korosho alisema nyie hamjui wanawake, alikuwa na rafiki tu, basi, rafiki mmoja mwenye maneno, na mtu mwenye rafiki wa namna hiyo hucheka hata motoni. Waliokuwa mikeka ya mbali walituma wajumbe kuleta maoni yao.

"Mtaalamu atuambie," Ntauka alimgeukia Somoe.

"Mtaalamu hajui," Somoe alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi jibu hilo halikumsumbua. Alijiongezea kisamvu.

Bi Lukia alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha, na Zulmira akiwa amepiga magoti anamfunga vikopo vya kokoto vifundoni. Mwalimu alikijaribu cha kulia, akakitikisa.

"Mnapoteza muda," alisema, kwa ile sauti ya darasani. "Jibu limo kwenye maandishi, hamjasoma vizuri. Yule bwana ameeleza mashavu. Ameeleza meno. Ameeleza urefu. Ameeleza mpaka kicheko, kwamba kinasikika mbali. Halafu?"

Watu walisubiri.

"Halafu hakumpata," Bi Lukia alisema, na akampa Zulmira mguu wa kushoto.